Sombe kila jioni, na bado naambiwa niongeze mboga na matunda

*"Mtaalamu, jambo. Mimi ni mwanaume wa miaka 44, naishi Kadutu hapa Bukavu, kazi yangu ni ya ofisini kule Nyawera. Mwezi uliopita nilipimwa presha siku mbili tofauti: 152/94, kisha 148/92. Muganga alinipa vidonge, akasema niongeze mboga na matunda. Nashangaa, maana nyumbani sombe haikosekani, karibu kila jioni. Asubuhi nakunywa chai na mkate, mchana mara nyingi sili kitu. Wazazi wetu kule Walungu hawakununua matunda na walikuwa na nguvu. Rafiki mmoja ananiambia matunda yanapandisha sukari, mwingine anasema vidonge vya vitamini vinatosha. Tuko watu saba nyumbani na matunda ni bei kali. Je, ni kweli watu wa mji tunakula mboga kidogo kuliko zamani, au ni maneno ya waganga tu? Nifanye nini kwa mfuko wangu huu? Na nikianza kula vizuri, naweza kuacha vidonge?"*

Ndugu yangu, naelewa kinachokukera: unaambiwa uongeze kitu ambacho kwa macho yako unakila kila siku. Sombe, yaani majani ya mihogo yaliyotwangwa, ni mboga halisi, na nyumba ambayo haiikosi ina msingi mzuri. Lakini ukiacha jina la chakula ukatazama uzito wake kwenye sahani, vinavyotiwa pamoja nayo sufuriani, na saa nyingi unazopitisha tangu chai ya asubuhi hadi bugali ya jioni, utaona kwa nini muganga alisema vile.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lenye hatari. Usiache vidonge. Jaribio linalotajwa sana kuhusu chakula na presha ni lile la Marekani liitwalo DASH, lililochapishwa mwaka 1997. Watu wazima walilishwa kwa wiki nane chakula kilichopimwa. Kundi lililopewa mboga na matunda kwa wingi, bila mabadiliko mengine makubwa, namba ya juu ya presha yao ilishuka kwa karibu 3 kuliko ya wenzao walioendelea na chakula cha kawaida. Kundi lililoongezewa maziwa yasiyo na mafuta mengi na kupunguziwa mafuta lilishuka kwa 5.5, na ndani ya kundi hilo, wale waliokuwa tayari na presha walishuka kwa takriban 11. Hiyo ni nguvu inayokaribia ya kidonge kimoja, na ilianza kuonekana ndani ya wiki mbili. Lakini fanya hesabu yako: 152 ukitoa 11 inabaki 141. Bado uko juu ya mpaka wa 140, tena watu wale walikuwa wakila sehemu 8 hadi 10 za mboga na matunda kwa siku, chakula chote kikiandaliwa na watafiti. Kwako chakula kitafanya kazi pamoja na vidonge. Presha ikishuka na kubaki chini kwa miezi kadhaa, daktari anaweza kupunguza dawa polepole. Uamuzi huo aufanye yeye, akiwa na vipimo vyako mbele yake.

Sasa hoja ya watu wa mji. Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, sawa na sehemu tano za gramu 80. Sehemu moja ni ndizi mbivu moja ya wastani, au nusu kikombe cha mboga zilizopikwa, au kikombe kizima cha majani mabichi. Viazi, viazi vitamu na mihogo havimo katika hesabu hiyo, kwa kuwa kazi yao kubwa ni kuleta wanga. Ndizi za kupika zinawekwa upande huohuo. Watu wengi hushtuka hapo, maana sahani ya ndizi na viazi huonekana kama ya mboga.

Uchambuzi mmoja wa mwaka 2005 ulikusanya takwimu za kaya kutoka nchi 10 za Afrika kusini mwa Sahara, majirani zetu Rwanda na Burundi zikiwemo. Ulikuta kila mtu anapata kati ya kilo 27 na kilo 114 za mboga na matunda kwa mwaka. Gramu 400 kwa siku ni kilo 146 kwa mwaka. Hata nchi iliyoongoza haikufika, na hizo ni takwimu za miji na vijiji pamoja. Kwa hiyo si kweli kwamba zamani au kijijini kila mtu alikula ya kutosha. Hospitali ya watoto ya Lwiro, kule Kabare, imejulikana kwa miaka mingi kwa kutibu watoto wenye utapiamlo, na wengi wao wanatoka katika vilima vyenye bustani.

Kinachobadilika mtu anapohamia mjini ni zaidi ya wingi. Ni sura nzima ya ulaji. Wazazi wako Walungu hawakununua matunda, ni kweli, lakini hiyo haina maana hawakuyala. Pera liliokotwa njiani, marakuja ilining'inia kwenye ua, ndizi ziliiva ndani ya nyumba, na hakuna aliyeita vitu hivyo mlo. Majani nayo yalizunguka: leo lengalenga (mchicha), kesho matembele, kesho kutwa majani ya maboga au ya maharagwe, kulingana na kilichoota. Mjini tunda likawa bidhaa. Linashindana na ada ya shule, makala (mkaa) na kodi ya nyumba, na katika mashindano hayo hushindwa. Majani yakabaki ya aina moja au mbili, zile zinazoshibisha watu wengi kwa sufuria moja, kwa sababu makala ni ghali na hakuna mwenye saa za kupika mboga mbili. Mlo wa mchana ukapotea, na nafasi yake ikajazwa na mkate, mandazi, chai yenye sukari nyingi na soda. Kijijini mtu alitembea na mzigo mgongoni hadi shambani na kurudi. Wewe unakaa kwenye kiti tangu asubuhi. Mwili uleule wa kurithi umewekwa katika maisha mengine.

Kuhusu bei, huna haja ya kujitetea. Utafiti mkubwa wa nchi 18 uliochapishwa mwaka 2016, ambao Kongo haikuwemo, ulipiga hesabu ya gharama ya kumpa kila mtu wa nyumbani matunda sehemu mbili na mboga sehemu tatu kwa siku. Katika nchi tajiri gharama hiyo ilikuwa karibu asilimia 2 ya kipato cha kaya. Katika nchi maskini ilikuwa karibu asilimia 52. Anayekuambia kwamba watu wa Kadutu hawali matunda kwa uvivu au ujinga hajawahi kupiga hesabu hiyo. Nyongeza yenye matumaini ilitolewa na timu hiyohiyo mwaka 2017: waliokula sehemu 3 hadi 4 kwa siku, ambazo kwa kipimo chao ni gramu 375 hadi 500, walikuwa na vifo vichache kuliko waliokula chini ya hapo, na juu ya hapo faida haikuongezeka sana. Maana yake, ukifika zile gramu 400 huna haja ya kukimbilia zaidi. Umeshapata sehemu kubwa ya kile ulichokitafuta.

Turudi kwenye sombe yako. Jioni moja, kabla ya kuichanganya na bugali, ipime sahani yako kwa kikombe. Mtu mzima akipakuliwa vijiko viwili vya kupakulia hupata gramu 100 hadi 120 za sombe iliyopikwa, na humo mna maji, mafuta, kitunguu, pengine na karanga. Majani yenyewe ni sehemu moja, au moja na kidogo. Kama hiyo ndiyo mboga yako yote ya siku, uko kwenye moja kati ya tano. Pembeni yake bugali inaweza kuwa gramu 500 bila mtu kuishangaa.

Tena sombe ina tabia yake. Majani ya mihogo yana kemikali inayotoa sayanidi, ambayo ni sumu. Kutwanga ndiko kunakovunja seli na kuiachilia sumu hiyo, na kuchemsha sufuria ikiwa wazi kwa nusu saa na zaidi ndiko kunakoitoa hewani pamoja na mvuke. Kwa hiyo usijaribu kamwe kupunguza muda wa kupika sombe ili "kuokoa vitamini". Vitamini C yake itapotea karibu yote, na ni sawa ipotee. Inabaki nyuzinyuzi, protini kidogo, madini, na sehemu ya vitamini A. Sombe ni chakula kizuri kinachohitaji mwenzake, mboga inayopikwa dakika chache au tunda linaloliwa bichi. Mwenzake huyo ana kazi nyingine pia: vitamini C inausaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo katika sombe na maharagwe. Chai inayonywewa papo hapo baada ya kula hufanya kinyume, basi iache ipite saa moja.

Lakini kwa presha yako, kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko majani ni chumvi inayoingia sufuriani pamoja nayo. Kipande cha Maggi au aina nyingine ya namna hiyo, karibu nusu ya uzito wake ni chumvi, kwa hiyo cha gramu 10 kinaleta gramu 5. Kijiko kidogo cha chai cha bikarbonati, ile inayotiwa ili sombe au maharagwe yalainike haraka, kina sodiamu sawa na ya gramu 3 za chumvi, ingawa ulimi hauisikii kama chumvi. Chukua sufuria ya watu saba yenye vipande viwili vya Maggi, kijiko kidogo cha bikarbonati na kijiko kidogo cha chumvi. Hapo una takriban gramu 18 hadi 19. Gawanya kwa saba: kila mtu kapata karibu gramu 2.6 hadi 2.7 kutoka kwenye mboga peke yake, na kiwango cha juu ambacho OMS inashauri kwa siku nzima ni chini ya gramu 5. Bado hatujahesabu mkate wa asubuhi, wala makayabu (samaki wa chumvi) ikiwa imewekwa. Na usiku huo ukipewa mboga mara mbili, umepata chumvi mara mbili. Ndiyo maana mtu anaweza kula sombe kila jioni na presha ikapanda kila mwaka.

Yanayotokea mwilini ni haya. Chumvi huleta sodiamu, na sodiamu hushika maji. Damu huongezeka ujazo, na kuta za mishipa hubanwa. Mboga na matunda huleta potasiamu, na figo zikipokea potasiamu ya kutosha huacha kurudisha sodiamu kwenye damu na kuitoa kwa mkojo. Potasiamu pia hulegeza misuli ya kuta za mishipa. Majani ya kijani yana pia nitrati, ambayo mwili huigeuza kuwa gesi inayopanua mishipa. Kwa hiyo kinachohesabika ni uwiano wa sodiamu na potasiamu. Ukiongeza majani huku ukiyapika na Maggi tatu, umetoa kwa mkono mmoja ulichoweka kwa mwingine.

Mwambie mke wako, au ufanye mwenyewe, yafuatayo. Bikarbonati iondoke kabisa. Maharagwe yaloweke usiku kucha, saa 10 hadi 12, umwage maji hayo, na yataiva kwa makala machache. Sombe itwangwe laini zaidi. Maggi ipungue taratibu: wiki hii kutoka mbili hadi moja, wiki mbili baadaye nusu, kwani ulimi huzoea baada ya majuma machache. Ladha iletwe na puaro, seleri, kitunguu saumu, pilipili hoho, nyanya, na ndimu inayokamuliwa mwishoni sufuria ikiwa imeshaondolewa motoni. Makayabu iloweke kwa maji yanayobadilishwa mara tatu, na isiliwe siku moja na Maggi.

Mafuta ya mawese usiyaogope wala usiyamwage. Vitamini A iliyomo kwenye majani hainyonywi bila mafuta, na mawese mekundu yana vitamini hiyo yenyewe, mradi yasichomwe hadi yabadilike rangi na kuwa meupe. Kosa liko kwenye kiasi. Glasi moja ya mililita 200 kwa watu saba humpa kila mmoja zaidi ya kalori 200, na karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayopandisha kolesteroli. Vijiko vikubwa vitano, yaani kama mililita 75, vinatosha sufuria yote.

Sasa mfuko wako. Watu saba kwa gramu 400 ni kama kilo 2.8 kwa siku za kitu kinacholika, baada ya kumenya na kutoa mashina. Wadogo wanahitaji pungufu: gramu 250 kwa wa miaka 2 hadi 5, gramu 350 kwa wa miaka 6 hadi 9. Usikimbilie kiwango hicho kwa wiki moja, utachoka na kuacha. Ningeanza na jambo moja tu: kwenye sombe, au siku ya maharagwe, pawepo sufuria ndogo ya pili ya majani ya haraka. Lengalenga, matembele, majani ya maboga, kabichi iliyokatwa nyembamba. Osha majani yakiwa mazima, kisha ndipo uyakate, na vipande viwe vikubwa, kwa sababu vitamini C huyeyuka kwenye maji na kutoka kupitia sehemu zilizokatwa. Kaanga kitunguu na nyanya mbili, tia majani yakiwa na maji ya kuoshea tu, funika, dakika tano hadi nane, ondoa. Mchuzi wake uliwe, usimwagwe. Hii inatumia makala kidogo sana, hata jiko la sombe likishaanza kupoa linatosha. Ijapokuwa fungu linaonekana kubwa sokoni, majani hunywea. Mafungu mawili ya zamani yatakuwa manne, na ukiyaona kwenye sahani ni nusu kikombe kwa kila mtu. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Wanaokosea hapa hununua fungu moja "la kuonja" na kudhani wameongeza mboga.

Jambo la pili ni mchana wako. Ndizi mbivu mbili pamoja na nusu ya avoka, ulivyonunua njiani asubuhi au ulivyobeba kutoka nyumbani, ni sehemu tatu kwa mara moja, na zinavunja ile njaa ya saa kumi inayokufanya urundike bugali jioni. Ndizi ina takriban miligramu 360 za potasiamu kwa kila gramu 100, na avoka karibu 480. Avoka zinunue kwa viwango tofauti vya kuiva: moja laini ya leo, mbili zinazoanza kulegea, nyingine ngumu za mwisho wa wiki. Ile ngumu ukiifunga kwenye karatasi pamoja na ndizi mbivu itaiva mapema, kwa sababu ndizi hutoa gesi inayoivisha.

Unapolinganisha bei, linganisha kile kitakachoingia mdomoni. Ganda la ndizi ni karibu theluthi ya uzito. Nanasi, hata lile zuri la Idjwi, linaweza kupoteza karibu nusu kwa ganda na moyo wake. Lengalenga yenye mashina marefu na magumu inakuuzia miti. Fuata msimu: embe na nyanya za bonde la Ruzizi zikijaa katika masoko ya Kadutu na Beach Muhanzi, bei huanguka, na hapo ndipo pa kununua kwa wingi. Bila friji, majani yanunuliwe kila siku, lakini karoti, kitunguu na kabichi nzima hukaa wiki nzima na zaidi mahali pakavu penye ubaridi. Kabichi usiipasue katikati. Bandua majani ya nje kidogo kidogo, moyo utabaki mbichi. Na matofaa ya kutoka nje, yale ya kung'aa ambayo watu hupeleka hospitalini kama zawadi, waachie wenye pesa. Kwa vitamini C, pera la uani lenye mbegu ndogo ngumu lina zaidi ya miligramu 200 kwa gramu 100. Tofaa lina kama 5.

Kama una ukuta unaopata jua nusu siku, gunia moja la kilo 50 lililojazwa udongo na samadi iliyooza, likiwa na nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji hadi chini, linabeba miche 20 hadi 30 ya lengalenga ubavuni na juu. Baada ya wiki tatu hadi nne unaanza kuchuma. Chuma majani kwa kukata juu ya vifundo viwili vya chini, using'oe, nayo itachipua tena. Gunia halitalisha watu saba, lakini magunia manne yatakuokoa siku za mwisho wa mwezi, au barabara inapofungwa na bei za Kadutu zikaruka.

Usafi nautaja kwa uzito, kwa kuwa kipindupindu si habari ya mbali Kivu. Kinacholiwa bichi bila kumenywa kioshwe kwanza kwa maji safi hadi udongo wote utoke, kisha kilowekwe dakika 5 hadi 10 katika maji yenye Javel (dawa ya klorini): kijiko kidogo cha chai, mililita 5, kwenye lita 5 za maji, ikiwa chupa imeandikwa klorini asilimia 5 na haina manukato. Kisha suuza kwa maji ya kunywa. Javel haifanyi kazi kwenye matope, ndiyo maana kuosha kunatangulia. Wakati wa mlipuko wa kipindupindu acha saladi kabisa, ule kilichopikwa na cha moto, au tunda unalolimenya mwenyewe baada ya kunawa mikono. Nyanya zenye vumbi jeupe au la njano zisuguliwe kwa mkono chini ya maji, maana mara nyingi ni dawa ya ukungu iliyopuliziwa shambani. Suuza ya haraka haiitoi.

Rafiki yako wa sukari ameshika nusu ya ukweli. Tunda lina sukari, lakini imefungwa ndani ya nyuzinyuzi zinazochelewesha kuingia kwake kwenye damu. Ndizi moja ina kama gramu 20 hadi 23 za wanga. Bugali ya gramu 300 ina mara tatu au nne ya hiyo, na hakuna anayekuonya kuihusu. Pale anaposema kweli ni kwenye juisi. Ukikamua matunda matano na kuchuja, umetupa nyuzinyuzi na kubakiza sukari. Zile za chupa zenye rangi ya chungwa nyingi ni maji, sukari na rangi. Chupa ya sentilita 33 ya kinywaji kitamu ina takriban gramu 35 za sukari, vijiko vidogo saba hivi. Kwa bei yake ungepata ndizi. Hata mwenye kisukari halazimiki kuacha matunda. Ale tunda moja kwa wakati, zima, na bugali ipungue. Wewe, kwa umri na presha yako, omba upimwe sukari asubuhi kabla ya kula. Ikiwa 126 mg/dl au zaidi mara mbili, ni kisukari, na mpango wa chakula utabadilika.

Rafiki wa pili simuungi mkono. Kidonge cha vitamini hakina nyuzinyuzi, na potasiamu yake ni kidogo mno kugusa presha. Tena si kila kinachofaa kwenye jani kinafaa kwenye chupa. Huko Finland, jaribio lililochapishwa mwaka 1994 liliwapa wanaume wavutaji sigara zaidi ya elfu 29 vidonge, wengine vikiwa na beta-karotini, ile inayofanya karoti kuwa na rangi yake. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 kuliko wasioimeza. Vidonge vina mahali pake: mama mjamzito, mtoto mwenye utapiamlo, mtu aliyeandikiwa na daktari baada ya vipimo.

Ukiongeza mboga ghafla, wiki ya kwanza tumbo linaweza kujaa gesi. Si ugonjwa. Bakteria wa utumbo wanazoea nyuzinyuzi. Ongeza sehemu moja kila wiki na unywe maji zaidi. Mwenye vidonda vya tumbo aanze na papai, ndizi na avoka, aache ndimu na nanasi la tumbo tupu.

Sasa sikiliza hili vizuri, kwa sababu ushauri wangu wote hapo juu unaweza kumdhuru mtu mmoja: yule ambaye figo zake hazifanyi kazi. Kwake potasiamu haitoki, hujikusanya kwenye damu na inaweza kusimamisha moyo. Presha ya muda mrefu huharibu figo kimyakimya, na baadhi ya vidonge vya presha, kama enalapril, captopril, losartan na spironolactone, hushikilia potasiamu mwilini. Tazama jina lililoandikwa kwenye pakiti yako. Kabla ya kuongeza sana mboga na matunda, omba kipimo cha kreatinini (cha damu, kinachoonyesha hali ya figo) na cha mkojo, na ukiweza cha potasiamu. Figo zikiwa nzima, endelea bila hofu. Usinunue ile "chumvi ya watu wa presha" yenye potasiamu bila kumuuliza daktari. Na mtu anayekunywa warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla wingi wa majani ya kijani, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Ale kiasi kilekile kila wiki, na daktari apange dawa kulingana nacho.

Presha ipimwe kila wiki katika kituo cha afya cha mtaa wako, ukiwa umekaa dakika tano bila kuongea, mkono ukiegemezwa usawa wa moyo. Andika namba na tarehe kwenye daftari moja, pamoja na ulichokula zaidi wiki hiyo. Baada ya mwezi mmoja peleka daftari hilo kwa aliyekuandikia dawa. Namba ya juu ikifika 180 au ya chini ikifika 110, muone mganga siku hiyohiyo hata kama hujisikii vibaya. Na maumivu ya kifua, pumzi kukata, kichwa kuuma kwa ukali usiouzoea, macho kuona giza, mdomo kupinda au upande mmoja wa mwili kulegea ni mambo ya kukimbizwa hospitali kuu saa hiyohiyo, usiku au mchana, bila kusubiri kupima kwanza.